Kitabu cha Kihasidi kikiwa kisafi mno, mi nashtuka

Wengi wanaoniuliza kuhusu vitabu vya mwanzo vya marabi wa Kihasidi, yaani wa Uhasidi, vuguvugu la kidini la Wayahudi, wanataka nakala safi isiyo na doa, na mi nawaambia hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi, maana hivi vitabu vilisomwa kwelikweli, Sabato kwa Sabato, baba akiacha mtoto anadaka, mpaka kurasa zinaachia uzi.

Cha kwanza kabisa kuchapwa ni Toldot Yaakov Yosef cha Rabi Yaakov Yosef wa Polonne, kilitoka Korets, Ukraine ya leo, mwaka 1780. Baal Shem Tov mwenyewe, mwanzilishi wa Uhasidi, alifariki 1760 bila kuchapisha kitabu, kwa hiyo mafundisho yake mengi tunayapata humu, kila mahali mwandishi anaposema hili nimelisikia kwa mwalimu wangu. Ndo maana wapinzani wa Uhasidi walikipiga vita vile. Alafu kuna Noam Elimelech, kilichapwa Lwów (Lviv ya leo, Ukraine) 1788, kimetoka mwaka mmoja baada ya mwandishi wake kufariki, hiki Wahasidi wana desturi ya kukiweka chini ya mto wa kulalia wa mwanamke anayejifungua. Sasa kitabu kimepita kwenye maisha ya namna hiyo, kibaki kipya vipi? Na kikichakaa kabisa hakitupwi, kinazikwa makaburini kwa heshima, yaani nakala nyingi zimeishia udongoni.

Kwenye tarehe ndo watu wanapotea sana. Mwaka unaandikwa kwa herufi za Kiebrania zenye thamani ya namba, kama abjadi ya Kiarabu, mara nyingi wameuficha ndani ya aya ya maandiko na herufi za kuhesabu zimechapwa kubwa kuliko wenzake. Unajumlisha, unaongeza 1240. Ukipata 540, ni 1780. Ila mwaka wa Kiyahudi unaanza Septemba au Oktoba, kwa hiyo angalia na mwezi: kitabu cha Tanya cha Rabi Shneur Zalman, toleo la kwanza lililochapwa mji wa Slavuta, ni mwaka 557, ukijumlisha harakaharaka unapata 1797, kumbe uchapaji uliisha mwezi wa Kislev, yaani Desemba 1796. Na usihangaike kutafuta jina la mwandishi kwenye ukurasa wa mbele, toleo hilo halina.

Huo ukurasa wa mbele ndo unaotangulia kuchanika, na wauzaji wengine wanabandika fotokopi. Mi naushika, nauinua kwenye mwanga, naulinganisha na karatasi ya ndani, alafu nafungua skani za Maktaba ya Taifa ya Israel nalinganisha mstari kwa mstari. Matone ya nta, majina ya wenye kitabu kwa wino uliofifia, hayo hayanisumbui hata kidogo, nayapenda, na nakuomba sana usimpe mtu akusafishie.