Dhana potofu za ubongo ni nini, na zinatoka wapi?

"Binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake." Sentensi hii utaisikia kwenye semina za kujiendeleza, kwenye mahubiri, hata kwenye matangazo ya vidonge vya kuongeza akili, na anayeitamka karibu kila mara hutanguliza "wanasayansi wanasema". Hiyo ndiyo dhana potofu ya ubongo: dai lisilo kweli linalotembea kwa jina la sayansi.

Tuitofautishe na imani kwamba povu la mgonjwa wa kifafa huambukiza. Imani hiyo nayo si kweli, na imewaumiza watu sana. Wapo walioangukia jikoni na kuungua kwa sababu waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa. Lakini haikuanzia maabara. Dhana potofu ninayoizungumzia hapa mara nyingi ina mbegu ya utafiti halisi ndani yake, ila mbegu hiyo imepotoshwa njiani. Ndiyo maana hata wasomi huimeza.

Hiyo ya asilimia 10 haihitaji hoja nyingi. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili uliopumzika. Picha za ubongo unaofanya kazi hazionyeshi eneo kubwa lililolala siku nzima. Na lau sehemu tisa kati ya kumi za ubongo zisingekuwa na kazi, kungekuwa na sehemu kubwa ambazo mtu angeweza kuzipoteza kwa kiharusi au ajali asipungukiwe na chochote. Madaktari wa neva hawajaziona.

Mfano wa mbegu ya kweli ni lile dai kwamba wapo watu wa "ubongo wa kushoto", wenye hesabu na mantiki, na wa "ubongo wa kulia", wenye sanaa. Lilianza na kazi nzuri kabisa. Katika miaka ya 1960 huko California, mwanasayansi wa ubongo Roger Sperry na wenzake waliwachunguza wagonjwa wenye kifafa kikali waliokuwa wamekatwa, kwa upasuaji, fungu la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Picha ya kitu ikioneshwa upande wa kushoto tu wa eneo wanaloliona mbele yao, taarifa ilifika nusu ya kulia peke yake. Mgonjwa akiulizwa ameona nini, alijibu hajaona kitu. Lakini mkono wake wa kushoto, ukipapasa nyuma ya pazia, uliokota kitu kilekile! Nusu inayotawala usemi ilikuwa haina habari. Sperry alitunukiwa Nobel mwaka 1981, na alistahili. Tatizo ni kwamba wewe na mimi hatujakatwa. Fungu hilo lina nyuzi zipatazo milioni 200, na nusu zote mbili hushirikiana tunapopiga hesabu na tunapoimba. Matokeo ya wagonjwa wachache wenye hali ya pekee yaligeuzwa kuwa tabia ya kila mtu.

Wanasayansi wenyewe hawako salama. Suzana Herculano-Houzel, mwanasayansi wa neva wa Brazil, alikuwa akifanya kazi ya kuelimisha umma kuhusu sayansi mjini Rio de Janeiro, akawauliza watu wa kawaida wanajua nini kuhusu ubongo. Wengi waliamini ile asilimia 10. Maswali hayo yalimfanya ajiulize kuhusu namba nyingine, ambayo wataalamu wote waliirudia: kwamba ubongo wa binadamu una seli za neva bilioni 100. Nani alizihesabu? Alitafuta chanzo, hakukipata.

Basi wakahesabu. Akishirikiana na mwanasayansi mwenzake Roberto Lent, alibuni njia ya kusaga ubongo uliohifadhiwa kwa dawa ndani ya maji yenye sabuni, mpaka seli zinayeyuka na kubaki viini vyake tu vikielea kama supu. Supu ikikorogwa ikawa sawasawa, huna haja ya kuhesabu yote. Unachota tone, unatia rangi inayong'aa, unahesabu viini chini ya hadubini, kisha unazidisha. Ubongo wa wanaume wanne waliofariki ulitoa wastani wa seli za neva bilioni 86, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Seli za glia, yaani zile zinazozisaidia seli za neva, ambazo vitabu vilidai ni mara kumi zaidi, zilikaribiana nazo kwa idadi. Lent alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha kiada ambacho jina lake ni hiyo hiyo bilioni 100; toleo la pili likatoka na alama ya kuuliza mwishoni mwa jina. Nawaheshimu sana watu wa namna hiyo.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoona kuzungumza na umma ni kazi ya ziada ya mtafiti. Wiki ya Ubongo, kampeni ya kimataifa ya kuelimisha umma iliyoanza mwaka 1996 na inayofanyika kila Machi, na vyama kama Jumuiya ya Wanasayansi wa Neva wa Afrika, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1993, vina nafasi ya kukutana na dai potofu kabla halijaota mizizi.

Tena mizizi yenyewe huota shuleni. Utafiti wa mwaka 2012 kwa walimu wa Uingereza na Uholanzi ulionyesha kwamba waliamini karibu nusu ya dhana potofu walizopewa, na waliojua mambo mengi zaidi kuhusu ubongo ndio walioelekea kuziamini zaidi. Iliyoongoza ilikuwa ile ya kuwagawa wanafunzi: huyu hujifunza kwa kuona, huyu kwa kusikia, huyu kwa kutenda. Kwamba mwanafunzi anapenda njia fulani ni kweli. Kwamba atafaulu zaidi akifundishwa kwa njia hiyo, ushahidi wa kutosha haujapatikana. Kilichopimwa mara nyingi na kuonekana kusaidia ni kujiuliza maswali daftari likiwa limefungwa, na kurudia somo baada ya siku kadhaa badala ya kulikesha usiku mmoja.