Mimba na kupiga mbizi: nilichomjibu shemeji kutoka kwa mbuzi na kondoo

Juzi mke wa kaka kanipigia kutoka Nungwi, kazi yake ni kushusha wageni baharini na mitungi ya hewa mgongoni, sasa ana mimba changa na kabla hajajua alishazama mara mbili. "Shem, wewe si daktari wa mifugo, hivi mnyama mwenye mimba akipata presha ya chini ya maji inakuwaje?" Mi niko Dodoma, bahari iko mbali, ila kwa swali hilo kapiga mlango wenyewe, maana mengi tunayoyajua yametoka kwa wanyama ninaowatibu kila siku.

Alianza mbuzi. John Scott Haldane na wenzake kule Uingereza walikuwa wanafungia mbuzi kwenye chemba ya chuma, wanapandisha presha halafu wanaishusha, matokeo wakayatoa 1908. Ikishushwa haraka mbuzi anakunja mguu wa mbele, anasimama kwa mitatu, ungedhani kachomwa mwiba. Ni nitrojeni hiyo. Kila mita 10 za bahari zinaongeza presha sawa na ya hewa yote iliyo juu yetu, nitrojeni inayeyuka mwilini, ukipanda haraka inatoka mapovu kama soda iliyofunguliwa.

Mama akipata mapovu machache mapafu yake yanayanasa, anayatoa kwa pumzi, yameisha. Mtoto tumboni hana kinga hiyo. Kuna siku kule Kongwa nilipasua mwanakondoo aliyezaliwa mfu, moyo mdogo kama ndimu, nikapitisha bua la nyasi chumba cha juu cha kulia, likatokea kushoto bila kulazimisha. Lile tundu ndo njia ya damu kuyakwepa mapafu ambayo bado hayapumui, kwa hiyo povu likipita hapo linakwenda moja kwa moja kwenye ubongo na kwenye moyo wenyewe. Hili ndo linalonitisha kuliko yote.

Majaribio ya mwanzo kwa mbwa yalionyesha mtoto ana mapovu machache kuliko mama, watu wakatulia. Miaka ya 1970 wakaingia kondoo, wakawekewa vifaa vya dopla vya kusikiliza damu, mapovu yakasikika kwa mtoto. Baadaye ikasemwa upasuaji wa kuweka vile vifaa nao ulichangia, na hoja hiyo ni ya haki kabisa, lakini baadhi ya kondoo walioshushiwa presha haraka mimba ikiwa kubwa walizaa wafu, hapo hakuna cha kubishana. Tena kondo la kondoo si kama la mbwa, na la binadamu ni tofauti na yote mawili, ndo maana sithubutu kumtajia mtu mita za salama.

Akaniuliza mbona sili, wale wanyama wa baharini wanaonyonyesha, wanazama na mimba zao. Sili hapumui hewa ya mtungi kule chini shem, anashuka na pumzi moja, na mapafu yake yanajikunja, nitrojeni haipati pa kupitia.

Nikamwambia zile mara mbili zisimkoseshe usingizi, wanawake wengi wamezama bila kujua na wakajifungua salama, amweleze tu daktari wake wa kliniki. Ila mtungi auweke chini mpaka ajifungue. Kasema ataomba abaki kwenye boti, ahesabu wanaoshuka na wanaopanda.