“Papa, programu haitembei!” Tunayodhani kuhusu hitilafu, na yalivyo

Dhana: Ukishamwandikia fundi kwenye WhatsApp, umeripoti.

“Papa, programu haitembei.” Hapa Lubumbashi ujumbe huo napokea karibu kila siku, mara nyingine kwa sauti iliyorekodiwa katikati ya kelele za soko. Najifunza kitu kimoja tu: kuna mtu amekasirika. Ripoti inayosaidia inasema ulifanya nini, ulitegemea kuona nini, ukaona nini. Ongeza toleo la programu, aina ya simu na saa. Kisha iingie kwenye daftari la pamoja, ipewe namba. Mozilla, watengenezaji wa kivinjari Firefox, walianza kutumia Bugzilla, programu ya kuorodhesha hitilafu, kwa kazi hiyo mwaka 1998. Timu ya watu watatu inaweza kuanza na jedwali la Excel. Kwenye WhatsApp, kufikia jioni malalamiko yako yamefunikwa na salamu na picha za harusi.

Dhana: Aliyeandika kodi (maandishi yanayoiendesha programu) ndiye mkosaji, arekebishe mwenyewe.

Duka moja la dawa la Kamalondo, linalouza hata usiku, lililalamika kwamba baadhi ya mauzo yanaangukia siku ya jana. Wote tukamgeukia kijana aliyeandika ukurasa wa hesabu. Maskini, alikesha siku mbili akitafuta kosa ambalo halikuwapo. Seva, yaani kompyuta kuu inayotunza data, ilikuwa imewekwa kwa saa za Kinshasa, UTC+1 (saa moja mbele ya saa ya kimataifa, UTC), na sisi huku tuko UTC+2. Basi kila dawa iliyouzwa kati ya saa sita na saa saba usiku ilipewa tarehe ya jana. Dada anayetunza seva ndiye aliyerekebisha: saa zote zikahifadhiwa kwa UTC, simu ikazigeuza wakati wa kuonyesha.

Tangu hapo tiketi, yaani ripoti yenye namba, tunampa anayeijua sehemu husika na mwenye nafasi, na inabeba jina la mtu mmoja. Ikiandikwa “timu nzima”, hakuna atakayeigusa. Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya kodi, nayo ina amri iitwayo blame, yaani lawama, jina baya kweli! Inaonyesha tu nani aliugusa mstari mara ya mwisho, pengine kwa kusogeza nafasi tupu tu.

Dhana: Inayolia zaidi ndiyo ianze.

Zana za kunasa hitilafu kama Sentry hukusanya hitilafu zinazofanana kwenye fungu moja, ukagundua kwamba tahadhari 2,000 ni picha moja tu iliyokosekana. Ile iliyotokea mara moja, ikasoma faranga kama dola, ndiyo ya kukimbilia. Tena uzito na haraka havifanani. Jina la mteja likikosewa kwenye ukurasa wa kwanza hakuna kinachoharibika, ila rekebisha kabla hajaamka.

Dhana: Kodi ikishabadilishwa, tiketi ifungwe.

Bado. Mwenzako aisome, jaribio liandikwe ili kosa lisirudi kimyakimya, na toleo jipya lifike kwenye simu za watu. Hapo ndipo pagumu kwetu: watu hununua mega za siku moja, na hawazimalizi kwa kusasisha programu. Tiketi ya duka la dawa ilibaki wazi majuma matatu baada ya dada kumaliza kazi yake. Tuliifunga mwenye duka alipotuma picha ya skrini: kifurushi cha paracetamol, saa sita na dakika kumi na mbili usiku, tarehe ya leo.