Namba ya Uthibitisho Unapolipa kwa Kadi Mtandaoni

Mkazi wa Sinza anayelipia tiketi ya ndege au bidhaa kutoka nje ya nchi kwa kadi ya benki, mara nyingi huletewa ukurasa unaomtaka aandike namba aliyotumiwa kwa ujumbe mfupi, au aidhinishe malipo ndani ya programu ya benki kwenye simu yake. Baadhi ya wateja huiona hatua hiyo kuwa usumbufu, na wapo wanaoacha kulipa wakihofu kwamba wanatapeliwa.

Dukani, kadi huchomekwa kwenye mashine na mwenyewe huingiza namba yake ya siri. Mtandaoni hakuna anayeiona kadi wala aliyeishika, na tarakimu zilizoandikwa juu yake, pamoja na zile tatu za nyuma, huweza kunakiliwa na yeyote aliyeachiwa kadi hiyo kwa dakika moja. Pengo hilo ndilo linalozibwa na utaratibu uitwao 3-D Secure, ambao Visa ilianza kuutumia mwanzoni mwa miaka ya 2000 na mitandao mingine ya kadi ikaufuata. Unahusisha pande tatu, yaani benki iliyotoa kadi, benki ya mfanyabiashara na mtandao unaoziunganisha, na anayemhakiki mlipaji ni benki yake mwenyewe, si muuzaji.

Toleo jipya la utaratibu huo, ambalo viwango vyake vilitolewa mwaka 2016, huiwezesha benki kupima kwanza hatari ya muamala kwa kuangalia mambo kama aina ya kifaa kinachotumika, kiasi kinacholipwa na anwani ya kupokelea mzigo, na ikiona hatari ni ndogo huruhusu malipo bila kuuliza namba. Kwa hiyo kutoulizwa namba hakumaanishi daima kwamba hukuhakikiwa, ingawa wapo pia wafanyabiashara wasioutumia utaratibu huu kabisa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni namba yenyewe ya mara moja, ile inayotumwa kwa ujumbe mfupi. Wateja wengi huinakili bila kusoma maneno yanayoizunguka, ilhali kwa kawaida ndimo mlimoandikwa jina la mfanyabiashara, kiasi na aina ya fedha. Ukiona dola 300 wakati unanunua viatu vya shilingi 60,000, usiiandike. Matapeli wanaijua tabia hiyo. Wakishapata tarakimu za kadi, kinachobaki ni kukupigia wakijitambulisha kuwa watumishi wa benki, wakidai kuna mtu anakuibia na kwamba usome namba uliyotumiwa ili wamzuie, kumbe ndiyo kwanza unawafungulia mlango. Mtumishi wa benki haihitaji namba hiyo kwa kazi yoyote, hata awe anakujua kwa jina na tawi lako. Ukishaitoa, muamala huonekana umeidhinishwa nawe, na kuupinga baadaye huwa kugumu mno.

Namba hutumwa kwenye laini iliyosajiliwa benki, hivyo aliyebadili laini afike tawini na kitambulisho ili taarifa zake zirekebishwe. Na laini yako ikikatika mtandao ghafla huku za wenzako mlio pamoja zikifanya kazi, yawezekana mtu ameihamishia kwenye kadi nyingine ya simu: azima simu, piga benki wafunge kadi yako ya benki kwanza, ndipo uwaendee watoa huduma wa laini.