Mpini mwekundu sio kinga: tunavyodanganyana kwenye vifaa vya umeme

Naanza na hii maana ndio inaniudhi kuliko zote: "plaizi ikiwa na mpira, shika tu hata umeme ukiwepo." Jamani. Mpira wa plaizi nyingi zinazopangwa chini pale Kariakoo umewekwa ili mkono usiteleze na kiganja kisiume, basi. Mi nilikuwa nayo moja ya hivyo, haikumaliza mwaka mpira ukaanza kuvuka kama soksi, nikawa naurudisha kwa kugonga na nyundo afu naendelea na kazi, nikikumbuka nacheka lakini sio cha kucheka. Plaizi ya umeme kweli imeandikwa 1000V pamoja na alama ya pembetatu mbili zilizopandana, na kiwango chake cha kimataifa ni IEC 60900, ambacho kinataka kila kipande kijaribiwe kwa volti 10,000 kabla hakijatoka kiwandani. Sasa na hayo maandishi nayo yanachapwa feki, kwahiyo kama ni stika inayobanduka kwa kucha we rudisha mezani. Kwa bisibisi angalia chuma chenyewe, ya umeme inafunikwa plastiki kuanzia mpini mpaka karibu na ncha, ukiona chuma kitupu kuanzia juu hadi chini hiyo ni ya kabati na meza hata kama mpini una rangi gani. Na mpini ukipasuka usizungushie tepu ukasema umetengeneza, ndio mwisho wake kwenye umeme.

"Testa isipowaka hamna umeme." Hii imewapiga shoti watu wengi tu. Testa ile ya bisibisi inawaka kwa sababu umeme kidogo sana unapita kwenye rizista (kidude cha kupunguza umeme), unaingia kwenye mwili wako kupitia kidole ulichoweka nyuma, unaenda ardhini. Sasa we umepanda ngazi ya mbao kavu, au jua limekupiga usoni hata huoni taa yenyewe, itawakaje? Na inadanganya upande wa pili pia, nyutro (waya unaorudisha umeme) ikikatika na swichi ya taa iko on, waya zote mbili pale kwenye taa zinawasha testa na fundi mchanga anaanza kubomoa akidhani kuna waya umechanganywa. Nunua multimita iliyoandikwa CAT III (daraja la usalama la kupimia waya za ndani ya jengo), sio lazima ya bei kali, afu jaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, pima unapofanyia kazi, rudi tena kwenye ile soketi ya kwanza. Ukiona haisomi mara ya pili ujue kilichokufa ni multimita, sio umeme.

Afu kuna wale wa "LUKU imeisha, we fungua tu soketi". Yani we uko na vidole ndani ya soketi, shemeji yuko sebuleni anaingiza token awahi mpira. Zima mein swichi bana, na kama nyumba ina inverta ya sola zima na hiyo.

Bisibisi ya nyota nayo watu wanadhani ni moja. Hapana, skrubu za sakiti breka nyingi ni Pozidriv, ina vistari vinne vidogo kati ya mikono ya msalaba, ukiingiza ile ya kawaida ya Phillips inapanda juu na kula kichwa, mwisho unashindwa kukaza. Unayoihitaji mara nyingi ni PZ2, yani Pozidriv saizi ya 2.

Kumenya waya kwa meno au kwa wembe, eti stripa ni anasa. Meno ni yako. Ila wembe ukikwaruza shaba, pale penye kovu waya unakuwa mwembamba, ukikunja kidogo unakatika, au unashikilia kwa uzi tu na panapata moto ndani ya ukuta ambako huoni. Stripa yenye matundu ya waya wa 1.5 mm² wa taa na 2.5 mm² wa soketi inamaliza hiyo habari.

Na lile boksi la vipande mia kwa bei ya chee, "lina kila kitu". Nilinunua. Spana zilitanuka, bisibisi zikapinda ncha, kitu pekee nilichotoa humo na mpaka leo nakitumia ni futi.