Hari Singh Nalwa: jemadari aliyewekwa mpakani

Kila nikigusa majeshi ya Punjab, ufalme wa Kalasinga (Masikh) wa karne ya 19, hakosi msomaji wa kuniuliza habari za simbamarara. Ndiyo, inasimuliwa kwamba Hari Singh, akiwa bado kijana, alivamiwa na mnyama huyo mawindoni akampasua kichwa kwa upanga, na kwamba lakabu ya Nalwa ilimfuata kuanzia siku ile. Hata Baron Hügel, msafiri wa Austria aliyekaribishwa kwake Gujranwala miaka ya 1830, alikisikia kisa hicho. Wenzetu mliokua Nairobi au Mombasa mkiwa na majirani Kalasinga, huenda mmeuona mchoro wake ukutani. Simbamarara namwachia mchoraji. Mimi nataka kujua nani alikuwa akiwalisha wapandafarasi wa jemadari huyu, na mali aliyokuwa nayo ilikuwa ya nani hasa.

Alizaliwa Gujranwala mwaka 1791, na baba yake akafariki yeye akiwa mtoto wa miaka saba hivi. Mwaka 1804 alifika barazani kwa Ranjit Singh, Maharaja wa Lahore, kwa ajili ya shauri la mali ya familia. Maharaja akampenda, akambakiza kuwa mhudumu wake wa karibu, kisha akamkabidhi kikosi. Baada ya hapo ni vita juu ya vita: Kasur 1807, Attock 1813, Multan 1818, Kashmir 1819.

Ranjit Singh alilipa jeshi lake kwa njia mbili. Askari wa miguu waliofunzwa kwa mtindo wa Kizungu walipokea fedha taslimu. Mafunzo hayo yalishika kasi baada ya 1822, walipowasili Allard na Ventura, maafisa waliowahi kupigana chini ya Napoleon. Sardari, yaani mkuu wa vita, kama Nalwa yeye alipewa jagiri, yaani haki ya kukusanya kodi ya eneo fulani, na kutokana na kodi hiyo ndipo awalishe na kuwapa silaha wapandafarasi aliotakiwa kuwa nao. Ardhi yenyewe haikuwa yake. Maharaja aliyempa asubuhi angeweza kumnyang'anya jioni.

Vyeo navyo vilikwenda hivyo hivyo. Mwaka 1820 Nalwa alifanywa liwali wa Kashmir, na mwaka uliofuata akaitwa arudi. Sarafu za huko ziliendelea kuitwa Harisinghi hata yeye alipokwisha kuondoka.

Safari hiyo ya kurudi ndiyo iliyomfikisha Mangal, katika nchi ya Hazara, ambako makabila ya milimani yalimzibia njia yakidai ushuru. Alikuwa na watu 7,000 hivi; waliomzuia walikuwa wengi mara kadhaa zaidi. Masimulizi ya Kisikh yanasema mvua ilinyesha, na mvua ilipokatika akawaona wenyeji wamepanda juu ya mapaa yao ya udongo, bapa kama ya nyumba za tembe kule Dodoma, wakiyapigapiga kwa vibao. Akauliza kulikoni. Akajibiwa kwamba udongo wa huku haushikani usipopigwa. Nalwa akasema basi na watu wa huku ni vivyo hivyo, akaamuru shambulio. Sikiapii kisa hiki neno kwa neno, lakini kinaonyesha vizuri namna watawala wa Lahore walivyoitazama Hazara, na kwa nini Hazara haikutulia.

Maana haikutulia kweli. Mwaka 1822 alipewa eneo hilo alitawale, akajenga mji wenye kuta na ngome ya Harkishangarh iliyozungukwa na handaki. Mji huo ni Haripur ya leo, Pakistan, na bado una jina lake. Miaka miwili baadaye, katika vilima vya Nara, alipigwa vibaya akajeruhiwa hadi ikadhaniwa amekufa. Wanaomsifu mtandaoni hulipita jambo hili kimya. Hao hao ndio wanaodai kwamba Wapashtuni, wenyeji wa mpaka wa Afghanistan, walianza kuvaa shalwar, eti vazi la kike, kwa kumwogopa yeye. Ni uzushi: wanaume wa sehemu zile walivaa shalwar karne nyingi kabla hajazaliwa.

Mwaka 1834 aliingia Peshawar, mji uliokuwa mikononi mwa Waafghani, pamoja na mwanamfalme Nau Nihal Singh, mjukuu wa Maharaja. Dost Mohammad Khan, mtawala wa Kabul, hakukubali mji ule upotee hivi hivi. Mwishoni mwa 1836 Nalwa akazidi kumchokoza kwa kujenga ngome Jamrud, pale pale kwenye mdomo wa Njia ya Khyber, upenyo wa milimani wa kwendea Afghanistan. Kijeshi naona alikuwa sahihi, kwani anayeishika Peshawar bila kuulinda mdomo huo analala mlango wazi. Ila ngome hutaka watu, na Machi 1837 Nau Nihal Singh alikuwa anaoa. Jenerali Henry Fane, mkuu wa majeshi ya Waingereza India, alikuwa miongoni mwa wageni, na Maharaja alitaka kumwonyesha jeshi lililopendeza. Vikosi vikatolewa mpakani kwenda harusini.

Akbar Khan, mwana wa Dost Mohammad, akashuka Khyber mwezi Aprili. Ndani ya Jamrud alikuwemo Maha Singh, afisa wa Nalwa, na mia kadhaa tu za askari. Nalwa, aliyekuwa mgonjwa Peshawar, aliinuka kitandani akaja, akawarudisha Waafghani nyuma, na tarehe 30 akapigwa risasi. Alipokufa, Maha Singh aliificha habari ile mpaka msaada ukafika kutoka Lahore. Waafghani wakaondoka bila kuitwaa ngome, na maiti ikachomwa mle mle ndani.

Wanawe walikuwa wa mama tofauti, na wakaanza kugombea urithi. Ranjit Singh akautumia ugomvi huo kuzirudisha jagiri nyingi za marehemu kwenye hazina. Uliwali wa Peshawar, aliokuwa nao Nalwa, baadaye ulikwenda kwa Avitabile, Mtaliano wa kulipwa mshahara.