Semina za afya ya jamii chuoni: maswali na majibu kuhusu tarakimu zinazotajwa

Sisomi udaktari. Nikihudhuria nitaambulia kitu?

Ndiyo. Semina hizi hazifundishi kumtibu mgonjwa mmoja. Zinauliza kwa nini kundi hili linaugua kuliko lile. Mwaka 1854 jijini London, daktari John Snow alihesabu waliokufa kwa kipindupindu na wapi walikoteka maji, akaifikia pampu ya Broad Street wakati vijidudu vya ugonjwa huo bado havijajulikana na wengi. Anayejua kukokotoa asilimia ataufuata mhadhara vizuri.

Nikiona tarakimu kwenye slaidi, nitazame nini kwanza?

Tazama ni kati ya watu wangapi, na kwa muda gani. Wagonjwa 300 kwa mwaka kati ya watu 3,000 ni mtu 1 kati ya 10. Kati ya watu 3,000,000 ni 1 kati ya 10,000. Mtoa mada asipolitaja hilo, muulize.

"Dawa hii inapunguza hatari kwa nusu." Nusu ya nini?

Tuseme wasiotumia dawa huugua 2 kati ya 1,000, na wanaoitumia 1 kati ya 1,000. Kweli ni nusu, ila inabidi watu 1,000 wameze dawa ili 1 aepuke ugonjwa. Hatari ikishuka kutoka 200 hadi 100 kati ya 1,000, hiyo nayo ni nusu, lakini hapo wanatosha watu 10. Madhara ya dawa yapimwe kwa idadi hizi, asilimia pekee haitoshi.

Kipimo kinagundua asilimia 90 ya wagonjwa. Kikinionyesha nina ugonjwa, basi uhakika ni asilimia 90?

Hapana, na hapa hata wataalamu huteleza. Chukua watu 1,000 wasio na dalili, 10 kati yao wakiwa wagonjwa kweli. Kipimo kinawanasa 9. Wazima ni 990. Kama kipimo kinawatambua wazima kwa usahihi wa asilimia 95, basi takriban 50 wataambiwa kimakosa kwamba ni wagonjwa. Jumla ya walioonyesha ugonjwa ni 59, wagonjwa wa kweli ni 9: kama asilimia 15 tu. Kipimo si kibovu. Ugonjwa ni adimu katika kundi hilo. Ndiyo maana jibu la kwanza hufuatwa na kipimo cha kuthibitisha, na ndiyo maana anayepimwa aelezwe hivyo mapema, asije akakesha na hofu bure.

Inakuwaje wanaoishi na VVU waongezeke huku huduma zikiboreka?

Maambukizi mapya ni jambo moja, jumla ya wanaoishi na virusi ni jingine. Dawa zikirefusha maisha, jumla hupanda hata kama maambukizi mapya yanashuka. Hakikisha grafu inaonyesha lipi.

Wagonjwa waliogunduliwa mapema kwa kipimo, kabla ya dalili, huishi miaka mingi zaidi baada ya kugunduliwa. Si ushahidi tosha?

Bado. Mtu aliyegunduliwa kwa dalili akiwa na miaka 67 na kufa akiwa na 70 ameishi miaka 3 na jibu lake. Angegunduliwa akiwa na 60 na kufa akiwa na 70 ile ile, tungesema miaka 10, na hajaongezewa hata siku moja. Uliza kama vifo vyenyewe vimepungua, ukilinganisha waliopimwa na wasiopimwa.

Muda wa maswali ni mfupi. Niulize lipi?

Swali moja, sentensi moja au mbili. Majibu yako ya hospitali usiyapeleke ukumbini. Hayo ni ya daktari wako faraghani. Swali ambalo mara nyingi husahaulika ni hili: "Walioanza walikuwa wangapi, na waliojitoa mmewahesabu wapi?" Wakianza 200, wakabaki 120 na 90 wakapona, slaidi inaweza kusoma asilimia 75. Kwa walioanza wote, waliothibitishwa kupona ni asilimia 45, na huenda waliojitoa ndio hasa waliodhurika na dawa.